Meno 24 na Meno 25: Historia Fupi ya Servo, na Ndege Yetu Iliyoanguka

Ndugu msomaji, naomba radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Wanaofanya kazi za gazeti wanajua: ukipangiwa kesi mahakamani asubuhi na kikao cha madiwani jioni, ukirudi nyumbani unachotaka ni ugali na kitanda. Umeme nao ukikatika, ndiyo basi tena. Leo nimejitoa. Na leo siandiki siasa wala bei ya sukari. Naandika habari ya kidude kinachoenea kiganjani kama kiberiti, ambacho nusura kinifikishe kituo cha polisi.

Kidude hicho kinaitwa servo. Ukifungua ndege yoyote ya mfano, zile ndogo zinazoendeshwa kwa rimoti, utakuta servo mbili, nne au zaidi. Ndizo zinazovuta vijiti vya kugeuza usukani, kupandisha na kushusha mkia, na kulaza bawa upande. Injini inaisukuma ndege, lakini servo ndizo zinazoiambia iende wapi.

Sasa kisa chenyewe. Mimi na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, yeye uhandisi na mimi uandishi wa habari, tuliunda ndege ya povu gumu, lile jeupe linalofungashiwa televisheni. Bawa lilikuwa na urefu wa mita moja na nusu hivi. Servo tulizipata kwa kuokoteza: moja ilitoka kwenye ndege ya zamani aliyotuachia jirani, mbili tulinunua duka la vipuri Kariakoo, na ya nne aliituma binamu yangu kutoka ughaibuni. Tukazifunga zote. Mezani zilicheza vizuri kabisa: ukisogeza kijiti cha rimoti, mkia unapanda, mkia unashuka. Tukapeana mikono kama waliofunga goli.

Jumamosi tukaenda uwanja wa mpira. Ndege ikaruka. Dakika ya tano hivi rafiki yangu akaishusha kwa kasi ipite chini mbele yetu, halafu akavuta kijiti ili aipandishe. Haikupanda. Ilikuja moja kwa moja ikagonga mwamba wa goli, na bawa likapasuka vipande viwili. Hatua kama kumi kutoka hapo walikuwa wamekaa watoto wanakula miwa. Hakuguswa mtu, namshukuru Mungu. Lakini mama mmoja alinijia, hakupiga hata kelele, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nyie wanangu, hiki kitu kingempata mtoto wangu kichwani, mngekuja kuniambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Tusamehe mama," na maneno yakaishia hapo.

Usiku ule tukaifungua ndege. Servo ya mkia ilikuwa nzima, betri nzima, waya nzima. Kilichoteleza ni mkono wa servo, kile kijiti cha plastiki kinachochomekwa juu ya mhimili wake. Mhimili una meno madogo sana kuuzunguka, na mkono una meno ya kukaza ndani yake. Rafiki yangu akachukua kioo cha kukuzia akahesabu. Meno ya mhimili: 24. Meno ya mkono: 25. Ule mkono ulitoka kwenye servo nyingine. Ulikuwa umeingia, skrubu ikaubana, na mezani ukaonekana sawa. Hewani, upepo ulipousukuma mkia kwa nguvu, meno yakarukana.

Mwandishi wa habari hawezi kulala na swali. Nani aliamua moja iwe na meno 24 na nyingine 25? Na kama hawakukubaliana kwenye meno, iliwezekanaje waya za servo nne zilizotoka pande nne zikae kwenye kipokezi kimoja bila ugomvi? Nimekuwa nikisoma jambo hili kila nikipata nafasi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Hadithi haianzii angani. Inaanzia majini. Meli ya Great Eastern ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1858, ilikuwa na urefu wa mita 211, na hakukuwa na meli nyingine iliyoikaribia kwa ukubwa wakati ule. Usukani wa chombo kama hicho haugeuzwi kwa misuli ya mabaharia wawili watatu. Katika miaka ya 1860 mhandisi John McFarlane Gray aliitengenezea injini ya mvuke ya kugeuzia usukani. Ujanja wake ulikuwa katika kuifanya injini ijue kusimama. Mshika usukani akigeuza gurudumu lake kidogo, injini inasukuma usukani mpaka ufike pale alipotaka, halafu inajifunga yenyewe. Akirudisha, nayo inarudisha.

Mfaransa Joseph Farcot alikuwa akifanya kazi ya namna hiyohiyo, na mwaka 1873 alichapisha kitabu Paris juu ya mashine hizo. Ndiye aliyezipa jina la "servo-moteur". Mzizi wake ni neno la Kilatini "servus", maana yake mtumwa. Kwenye kichwa cha kitabu chake alizieleza hivyohivyo, injini iliyotiwa utumwani, inayofuata kila amri ya bwana wake.

Hapo niliweka kitabu chini kidogo. Mwaka 1873 ndio mwaka ambao Sultani Barghash bin Said, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa mwezi Juni uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka mmoja huohuo, Paris mtu anaipa mashine jina la mtumwa, na huku kwetu soko la watu wenye mwili na damu linafungwa. Sidai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Nasema tu kwamba kila ninapolitamka neno servo sasa, nalisikia tofauti.

Tuendelee. Kutoka injini ya meli hadi ndege ya mfano kulikosekana kitu kimoja, nacho ni amri isiyopita kwenye waya wala mnyororo. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Nikola Tesla alionyesha boti ndogo aliyoiendesha kwa mawimbi ya redio. Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa Novemba mwaka huohuo. Watu walishangaa, lakini soko lake halikuwepo bado, na vifaa vya redio vya wakati huo vilikuwa vizito kupita kiasi kwa kitu kinachotakiwa kuruka.

Ilipita karibu miaka 40. Mwaka 1937, huko Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, mapacha wawili, Walter na William Good, waliirusha ndege yao waliyoiita Guff kwa redio. Mmoja alikuwa fundi wa ndege za mfano, mwingine mtaalamu wa redio. Nikawaza, kumbe hata wao walikuwa wawili kama sisi. Ndege hiyo walikuja kuikabidhi kwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 1960.

Katika Vita Kuu ya Pili wazo hilo likawa biashara. Reginald Denny, mwigizaji wa filamu mwenye asili ya Uingereza aliyekuwa pia na duka la ndege za mfano Hollywood, alianzisha kampuni ya Radioplane iliyoliuzia jeshi la Marekani maelfu ya ndege ndogo za redio za kujifunzia shabaha. Mwaka 1945 mpiga picha wa jeshi David Conover alipotembelea kiwanda hicho alimpiga picha msichana mmoja mfanyakazi aitwaye Norma Jeane Dougherty. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Marilyn Monroe. Mhariri wangu angeniambia nianzie hapo!

Lakini ndege za mapacha na za wapenzi wa wakati ule hazikuwa na servo tunazozijua leo. Zilitumia kifaa kilichoendeshwa na mpira uliosokotwa, kama ule wa manati. Rubani akibonyeza swichi mara moja, kifaa kinaachia hatua moja na usukani unakwenda kulia. Akiachia, unarudi katikati. Akibonyeza tena, unakwenda kushoto. Ukisahau ulibonyeza mara ngapi, ukadhani zamu ni ya kulia kumbe ni ya kushoto, shughuli imekwisha. Na mpira ukiisha kujisokotoa ndege ikiwa hewani, huna tena la kufanya zaidi ya kuitazama.

Miaka ya 1950 yakaja mambo ya vibanzi vya chuma. Ndani ya kipokezi kulikuwa na safu ya vipande vyembamba vya chuma vyenye urefu tofauti, kama vile vya marimba ya mkono. Rimoti ikituma sauti ya kiwango fulani, kipande kimoja tu kinatetemeka, na kutetemeka kwake kunawasha mota moja upande mmoja. Vipande 10 vinatosha kazi 5: kulia na kushoto, juu na chini, na kadhalika. Ilikuwa hatua kubwa, lakini amri ilikuwa ya yote au bila: usukani ama umegeuka hadi mwisho ama umerudi katikati. Marubani hodari walikuwa wakipigapiga swichi harakaharaka ili kupata kona nyororo. Hebu fikiria kuendesha daladala ambayo usukani wake unakubali kukata hadi mwisho tu.

Mapinduzi yenyewe yalitokea California mwanzoni mwa miaka ya 1960. Doug Spreng na Don Mathers walitengeneza mfumo walioupa jina la Digicon. Badala ya kutuma sauti, rimoti ilituma mipigo mifupi ya umeme, na habari yote ilikuwa kwenye urefu wa mpigo. Naomba msomaji wangu univumilie hapa, maana ndipo penye siri yote.

Mpigo ukichukua milisekunde 1.5, yaani sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde, servo inakaa katikati. Ukifupishwa hadi milisekunde 1, inakwenda upande mmoja hadi mwisho. Ukirefushwa hadi 2, inakwenda upande wa pili. Ukiwa 1.6, inakwenda kidogo tu. Mpigo huo hurudiwa mara 50 hivi kila sekunde. Ndani ya servo mna mota ndogo, safu ya gia za kuipunguzia kasi na kuipa nguvu, na kipimo kilichofungwa kwenye mhimili kinachojua umefika wapi. Saketi inalinganisha mambo mawili: nimeamriwa wapi, na nipo wapi? Pakiwa na tofauti inaendesha mota. Tofauti ikiisha inasimama. Ni injini ya Great Eastern ileile, safari hii imekaa kiganjani.

Kuanzia hapo rubani akisogeza kidole kidogo, mkia nao unasogea kidogo. Phil Kraft, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa vifaa hivyo Marekani, alishinda ubingwa wa dunia wa michezo ya ndege za redio mwaka 1967 huko Corsica, na kampuni yake ikawa jina kubwa katika fani.

Basi ungedhani mambo yamekaa sawa. La hasha. Ndipo vurugu ya plagi ilipoanza. Servo nyingi za mwanzo zilikuwa na waya 4, maana zilihitaji pia waya wa kutoka katikati ya betri. Nyingine zilitaka mpigo chanya, nyingine mpigo hasi. Kila kampuni ilikuwa na plagi ya umbo lake na mpangilio wake wa waya. Ukinunua rimoti ya fulani umeoa ukoo mzima: kipokezi chake, servo zake, betri yake, hata waya wa kuchajia. Saketi zilipoanza kutengenezwa zikiwa zimekusanywa kwenye kipande kimoja katika miaka ya 1970, haja ya waya wa nne ikaisha. Zikabaki 3: chanya, hasi, na wa amri.

Wakati huo makampuni ya Japani yalikuwa yameingia kwa nguvu. Futaba, iliyoanzishwa mwaka 1948 kutengeneza vali za redio, JR, na Sanwa, ambayo bidhaa zake Marekani ziliuzwa kwa jina la Airtronics. Baadaye ikaja Hitec ya Korea. Hakuna sheria iliyopitishwa kuwalazimisha wafanane. Ni soko. Mteja mwenye servo nzima tano hakubali kuzitupa kwa sababu amenunua kipokezi kipya, na fundi wa pembeni anajua kukata plagi na kuunga nyingine. Polepole wote wakaelekea pamoja: mpigo chanya wa milisekunde 1.5 katikati, waya 3, tundu zilizoachana kwa milimita 2.54, chanya katikati. Huo uchanya wa katikati una faida yake. Ukichomeka plagi kinyume, hasi inabadilishana na amri tu, servo haichezi, na kwa kawaida haiungui.

Lakini ni makubaliano ya watu waliokuwa wakishindana, kwa hiyo kila mmoja alibaki na lafudhi yake. Ni kama Kiswahili cha Mombasa na cha Lubumbashi: mtaelewana, ila kuna neno moja litakalokukwaza. Plagi ya Futaba ina kijisikio pembeni kinachozuia isiingie kinyume, na kwenye baadhi ya vipokezi vya wengine kijisikio hicho lazima ukikate. Waya wa amri kwa Futaba ni mweupe, kwa JR rangi ya chungwa, kwa Hitec njano. Katikati ya Futaba ni mikrosekunde 1520, ya JR 1500. Ukibadilisha, usukani unakaa pembeni kwa nyuzi 2 hivi. Servo za zamani za Airtronics zilikuwa zimebadilishana nafasi ya chanya na hasi, na ukizichomeka bila kupanga upya waya unaunguza kitu.

Na meno? Meno hayakuguswa. Futaba ilibaki na 25, Hitec 24 kwenye servo zake za kawaida, JR 23. Waya zilisawazishwa kwa sababu kila mteja alizigusa na kulalamika. Mkono wa plastiki ulikuja bure ndani ya boksi pamoja na servo yake, hivyo hakuna aliyelalamika. Aliyekuja kulalamika ni mtu kama mimi, anayeokoteza servo huku na mikono kule, tena asiyesoma boksi kwa sababu boksi hana.

Hapo nilielewa kosa letu. Tulichukulia kwamba kitu kikiingia, kinafaa. Plagi iliingia na ikafaa, tukaamini mkono nao umeingia kwa hiyo unafaa. Kumbe mmoja ulikuwa na historia ya mapatano nyuma yake, na mwingine haukuwa nayo.

Najua kuna vijana mnaosoma hapa mnaounda roboti za mashindano ya shule, au ndege kama sisi. Basi pokeeni yale niliyojifunza, mnunue kwa akili.

Kwanza angalia nguvu. Imeandikwa kwa kilo na sentimita. Servo maarufu ya Futaba S3003 ina takriban kilo 3.2 kwa sentimita kwenye volti 4.8. Maana yake, kwenye mkono wa sentimita 1 inaweza kuvuta uzito wa kilo 3.2 kabla haijashindwa. Ukirefusha mkono hadi sentimita 2 nguvu inabaki nusu, kilo 1.6. Wengi hurefusha mkono ili usukani ugeuke zaidi, wasijue wameuza nguvu. Zile ndogo za gramu 9 zilizojaa madukani huandikwa kilo 1.8 hivi. Zinatosha ndege ndogo ya povu. Ndege kubwa yenye kasi ni kuitakia ajali.

Pili, kasi. Huandikwa kwa sekunde zinazohitajika kuzunguka nyuzi 60. S3003 hutumia sekunde 0.23 kwenye volti 4.8. Ndege ya kujifunzia haihitaji zaidi. Mkia wa helikopta unahitaji kasi zaidi ya hapo.

Tatu, umeme. Servo za zamani zilizoeleka betri ya seli 4 za volti 1.2, jumla 4.8, au seli 5, jumla 6. Betri ya kisasa ya lithiamu ya seli 2 ikijaa hufika volti 8.4. Servo isiyoandikiwa volti hizo usiiunganishe moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba servo zote zikivuta kwa pamoja hula umeme mwingi kwa ghafla. Rimoti za masafa ya gigahezi 2.4 zilipoanza kuenea kwa wapenzi wa ndege za mfano miaka ya 2005 na 2006, baadhi ya watu walizilaumu kwa kupoteza mawasiliano, kumbe volti zilishuka servo zilipovuta, kipokezi kikazimika na kujiwasha upya. Ndani ya sekunde hizo chache ndege haina mwenyewe.

Nne, aina ya amri. Servo zinazoitwa za dijitali hupokea mpigo uleule, ila zina kichakato ndani yake kinachoisukuma mota mara nyingi zaidi kwa sekunde. Hushika pale zilipo kwa ukaidi, na hula umeme zaidi. Ukiweka kipokezi chako kitume amri kwa haraka ya kidijitali huku una servo ya kawaida, utaiunguza. Vilevile zipo servo za mkia wa helikopta ambazo katikati yake ni mikrosekunde 760 badala ya 1500. Plagi ni ileile, inaingia bila shida, na servo itakwenda kugonga ukingo na kung'ang'ania hapo.

Tano, upande wa kuzunguka. Servo za kampuni mbili tofauti zinaweza kupokea mpigo mmoja, hii ikazunguka kulia na ile kushoto. Rimoti ya leo inageuza hilo kwa swichi, lakini ukiunga servo mbili kwenye waya mmoja wenye matawi mawili, tumia za aina moja.

Sita, meno. Hesabu! Chukua kioo, chukua simu yenye kamera nzuri, hesabu. Kisha fanya jaribio ambalo sisi hatukulifanya: washa kila kitu, shika mkia kwa kidole uuzuie, halafu mwenzako asogeze kijiti cha rimoti taratibu. Kama mkono unateleza, uteleze hapo mezani. Sisi tulijaribu mkia ukiwa mtupu, hauna upepo, na mkia mtupu hudanganya.

Kwa nini nimeandika kirefu hivi juu ya kidude? Kwa sababu hakikubaki cha kuchezea. Agosti 2003, Mmarekani Maynard Hill, mzee aliyekuwa karibu kupoteza kabisa uwezo wa kuona, pamoja na wenzake, walirusha ndege ya mfano yenye uzito usiofika kilo 5 kutoka Cape Spear, Kanada. Ilivuka bahari ya Atlantiki na kutua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, safari ya kilometa 3,000 na ushee. Kwa saa zote hizo servo zake zilikuwa zikiuliza swali lilelile: nimeamriwa wapi, na nipo wapi?

Na karibu na kwetu, tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu kwenye hospitali za Rwanda zilizo mbali na barabara nzuri. Ukiwaza mama aliyejifungua na anavuja damu, halafu ukawaza mkia wa ndege iliyobeba chupa yake, hesabu ya meno haichekeshi tena.

Jumamosi iliyopita tulirudi mtaani kwa yule mama. Hatukwenda na ndege, tulikwenda na kilo mbili za sukari na samahani. Nikamwamkia, akatukaribisha mkekani. Rafiki yangu akatoa ile servo mfukoni akamwonyesha meno, akaeleza kwamba yalikuwa 24 na 25. Akaitazama kwa muda, akaigeuza, akamwita mwanawe aje aione. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlikuwa hamjahesabu?"

"Hatukuhesabu, mama."

"Siku nyingine mhesabu. Tena mkarushie huko kwenye mashamba yasiyo na watoto."

Ndivyo tutakavyofanya. Bawa jipya limeshakauka gundi, mikono yote ya servo imetoka kwenye boksi lake yenyewe, na tumepata shamba la mkonge lisilolimwa nje ya mji. Nitawaletea habari likiruka, na likianguka pia nitawaambia. Mwenye nyongeza au masahihisho asione haya kuandika hapo chini. Tuonane wiki ijayo, umeme ukiruhusu.